Juu ya Kuandika Habari za Kwetu



Mezani petu zimelundikana karatasi ambazo hatukuziomba, walakini tumezipokea kwa furaha. Zote ni za namna moja. Mwanachama akaaye mbali na kwao ameketi jioni baada ya kazi, akaandika habari za asili ya watu wake: walitoka wapi, nani aliwaongoza, walivuka mto gani, na katika nchi waliyoifikia walimkuta nani au hawakumkuta mtu. Nyingine zimepigwa taipu vizuri kama barua za ofisini, nyingine zimeandikwa kwa mkono katika daftari za shule. Waandishi wanatuuliza kama zitatolewa katika gazeti hili. Tumeshauriana, na kabla ya kuwajibu twaona yafaa tuseme maneno machache juu ya kazi yenyewe, maana si kazi ndogo, wala haimwachi mtu kama ilivyomkuta.

Watu wengi hudhani ya kuwa kabila lilikuwako kwanza, kamili na jina lake na mipaka yake, kisha akatokea mwenye kujua kusoma akaziandika habari zake. Sisi twasema kwamba mara nyingi mambo yalikwenda kinyume. Watu waliishi kwa koo na kwa vijiji, wakajuana kwa mto na kwa soko. Halafu habari zikaandikwa chini ya jina moja, na wale waliozisoma wakaanza kujiona kuwa watu wa jina hilo. Kalamu haikukuta kabila limekwisha kukaa likiingoja. Kalamu nayo ilikuwa miongoni mwa walioliumba.

Natuitazame Kilimanjaro, kwa kuwa habari zake zimeandikwa na wengi. Johannes Rebmann alipouona mlima ule tarehe 11 Mei 1848, watu wake hawakuwa na jina moja la kujiitia wote. Mtu alikuwa wa Machame, au wa Kibosho, au wa Kilema, au wa Mamba, au wa Usseri. Jina la Chagga lilikuwa hasa katika vinywa vya watu wa misafara waliotoka pwani, nao waliwahesabu wote pamoja kwa kuwa waliwaona wote katika mlima mmoja. Koo nyingi za pale husimulia kwamba baba zao walitoka Ukambani, wengine Taita, wengine Upare na Usambara, wengine kwa Wamasai. Hata lugha haikuwa moja. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame wakisema kila mmoja kama alivyofundishwa na mama yake, hawasikilizani vema. Na wamangi walipigana vita vikali. Mwaka 1891 Wadachi walipokwenda kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, askari wa Moshi walikuwa pamoja nao. Mwaka uliofuata Mangi Meli wa Moshi aliwashinda Wadachi hao hao. Mwaka 1893 akashindwa. Na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na wamangi na wakubwa wengine.

Basi, watu hao waligeukaje kuwa Wachagga? Hapana shaka sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni daftari. Katika Marangu alikuwako mwalimu wa Kilutheri, Nathaniel Mtui, ambaye aliwauliza wazee wa mlimani habari za wamangi wao, tangu wa kwanza hata wa siku zile, akaziandika. Madaftari yake yaliwafaa wengi: yalimfaa mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa Moshi miaka mingi, yalimfaa Sir Charles Dundas, ambaye mwaka 1924 alitoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake, nayo yalimfaa Bibi Kathleen Stahl, aliyetoa kitabu kikubwa cha historia ya Wachagga mwaka 1964. Tazameni jambo lililotendeka. Mtui aliuliza habari za nchi hii na nchi ile, kila moja na mangi wake na ugomvi wake. Lakini zilipokwisha kushonwa ndani ya jalada moja, juu ya jalada paliandikwa jina moja. Msomaji wa Rombo alizikuta habari za Machame ndani ya kitabu ambacho sasa aliambiwa ni kitabu chake.

Wala hatusemi kwamba vitabu peke yake vilitosha. Kahawa ilifanya kazi kubwa kuliko wino. Chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U., mwaka 1933. Na watu ambao babu zao waliporana ng'ombe wakawa wanauza kahawa kwa mzani mmoja na kulalamikia bei moja. Lakini aliyelalamika kwa jina la Wachagga wote alihitaji kujua Wachagga wote ni nani, na hapo ndipo habari za kale zilipomsaidia. Mwaka 1947 Bwana Petro Itosi Marealle alitoa kitabu chake, *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*. Hakuandika maisha ya mtu wa Marangu, wala ya mtu wa Vunjo. Aliandika ya Mchagga. Mwaka 1949 kikaanzishwa chama cha raia wa Kichagga kilichotaka mlima uwe na mkuu mmoja, na mwaka 1952 akatawazwa Mangi Mkuu, Bwana Thomas Marealle, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi. Katika mwaka huo huo ikaanza kuadhimishwa Siku ya Wachagga, tarehe 10 Novemba, na kabila likapata bendera yake. Ni miaka 61 tu tangu vita vya Kibosho.

Mwaka 1960 watu wa mlimani walipiga kura wakachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa mahali pa Mangi Mkuu, na mwaka 1963 utawala wa machifu ulikomeshwa katika Tanganyika yote. Umangi ulikwenda; Uchagga ukabaki. Jambo hilo laonyesha kwamba lililokwisha kuandikwa na kusomwa lina nguvu kuliko lililotangazwa kwa sheria. Hata Mangi Meli, ambaye kufa kwake kulikuwa msiba kwa Moshi na nafuu kwa baadhi ya jirani zake, leo huombolezwa na mlima mzima, na zaidi ya mlima, na watu wake wanaendelea kulitafuta fuvu lake huko Ujerumani. Sisi hatuoni ubaya katika jambo hilo. Lakini mwandishi wa habari za Kibosho asiogope kuandika alivyoambiwa na wazee wa Kibosho, hata ikiwa shujaa wa leo anaonekana ndani yake na sura nyingine.

Sasa tugeukie jambo linalotuhusu sisi makarani. Sir Donald Cameron alifika Tanganyika kuwa Gavana mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikatolewa sheria ya kutawala kwa mkono wa wenyeji. Maafisa wa wilaya wakaagizwa kuchungua: kabila gani lipo hapa, chifu wake wa asili ni nani, mipaka yake ni ipi. Majibu yakaandikwa katika Kitabu cha Wilaya. Afisa aliuliza kwa Kiingereza. Mzee alijibu kwa lugha ya kwao. Na katikati yao aliketi karani, akifasiri, kisha akienda kupiga taipu. Mzee hakuwa mjinga. Alijua ya kuwa anaulizwa ili apatikane mtu wa kukusanya kodi na kukata kesi, na kwamba atakayetajwa ndiye atakayepata mshahara na fimbo. Basi ukoo uliokuwa karibu na barabara ulikumbuka ukubwa wake vizuri sana. Na mahali ambapo watu waliishi bila chifu yeyote, wakisikilizana kwa baraza za wazee au kwa mganga wa mvua, jibu la kwamba hapana chifu halikupendeza, maana nafasi katika kitabu ilikuwa tupu na ilitaka kujazwa. Vitabu hivyo sasa vimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nao wajukuu huenda kuvisoma na kusema: hii ndiyo asili yetu, imeandikwa na serikali.

Tunawaomba wanachama wayafikiri hayo vema. Aliyeulizwa alikuwa na haja yake, aliyeuliza alikuwa na haja yake, na aliyefasiri, tukisema kweli, naye alikuwa na kwao.

Majina yenyewe hutufundisha. Katika lugha ya Kisukuma neno sukuma ni upande wa kaskazini, na dakama ni upande wa kusini. Mtu aliitwa Msukuma na aliyekaa kusini kwake. Naye mwenyewe akitazama kaskazini aliweza kuwaona Wasukuma wengine huko mbele. Jina hilo lilikuwa kama kidole kinachoonyesha njia, likageuka na mahali asimamapo mtu. Kisha likaandikwa katika ramani na katika vitabu vya kodi, kidole kikasimama mahali pamoja. Na katika miaka ya 1940 watemi wa nchi nyingi waliunganishwa katika baraza moja la Usukuma, lililofanya makao yake Malya. Wagogo nao, yasemekana, walipewa jina na wapita njia wa misafara. Bwana Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Ugogo aliyefanya kazi ya ukarani na ya mahakama, alipotoa kitabu cha historia na mila za Wagogo mwaka 1954, aliandika juu ya watu ambao koo zao nyingi husimulia kwamba asili yao ni Uhehe, au Unyamwezi, au Ukimbu, au Ukaguru. Ndio Wagogo halisi hao, wala hatujui wengine.

Na wako waliotumia habari za kale kulitupa jina la matusi. Watu wa makaya nyuma ya Mombasa waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, na waliowaita hivyo hawakukusudia kuwaheshimu. Katika miaka ya 1940 Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma walishika jina la Mijikenda, na habari iliyowaunganisha ni ile ya kwamba wote walitoka Singwaya, upande wa kaskazini mwa pwani, wakaja kujenga makaya yao. Wataalamu wameshindana sana juu ya safari hiyo: Thomas Spear aliikubali katika kitabu chake cha mwaka 1978, wengine wamesema kwamba si vijiji vyote tisa vilivyoisimulia zamani, bali ilienea kadiri umoja ulivyoenea. Kwetu sisi shindano lenyewe ni somo. Habari ya Singwaya iliwapa watu waliodharauliwa njia ya kusimama pamoja, na misitu ya makaya ikahifadhiwa hata ikaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Habari inaweza kufanya kazi njema kabla haijathibitishwa. Inaweza kufanya kazi mbaya pia, na kwa sababu hiyo hiyo.

Hapo hatuna budi kuitaja Rwanda, ingawa moyo hautaki. Huko mafundi wa vitabu, Wazungu na wenyeji, walifundisha kwa miaka mingi kwamba Watutsi walikuja kutoka mbali, upande wa Uhabeshi, na kwamba kwa hiyo walizaliwa kutawala. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika jina la kabila katika kitambulisho cha kila mtu. Habari iliyoandikwa ili kuwakweza ikageuzwa bila kubadili hata neno moja: ikiwa walitoka mbali, basi si wenyeji. Mwezi wa Novemba 1992 mwanasiasa mmoja aliuambia mkutano ya kwamba watarudishwa Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mto huo ulijaa maiti, zikaingia Akagera, zikapita maporomoko ya Rusumo machoni pa watu wa Ngara, zikafika hata Ziwa Nyanza. Yule aliyeandika kwanza juu ya asili ya Watutsi hakuyaona hayo. Labda alidhani anaandika habari za kale tu.

Kwa sababu hiyo wako wanachama washaurio kwamba jambo hili liachwe kabisa. Husema: sisi tu watumishi wa watu wote, tumeunganishwa na Kiswahili na kazi, ya nini kufukua makaburi ya koo? Shauri hilo tunaliheshimu, lakini hatulikubali. Habari zisipoandikwa hazifi. Huendelea kusimuliwa pombeni, na msibani, na jukwaani wakati wa uchaguzi, mahali ambapo hapana wa kuuliza umeipata wapi. Tena tusisahau tulikotoka. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza, Bwana Martin Kayamba, alikuwa Mbondei aliyezaliwa Unguja na kufanya kazi hata Kenya na Uganda. Bwana Kayamba hakuficha kwao. Aliandika habari za maisha yake na za wazee wake, zikatolewa mwaka 1936, na uandishi huo haukumzuia kukaa meza moja na watu wa kila kabila na kila dini. Ajuaye kwao vema hana haja ya kumsukuma jirani ili apate mahali pa kukaa.

Twataka kuwaonyesha waandishi wetu kielelezo kimoja. Ni kitabu cha *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, kilichopigwa chapa na wamisionari kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907, na kutolewa tena mwaka 1962. Mwandishi huyo hakuwa Msambaa. Alikuwa mtu wa pwani aliyekaa katika baraza la Semboja, akasikia. Na habari anayoitoa ya mwanzo wa ufalme wa Usambara si ya mwenyeji mwenye nchi. Ni ya Mbega, mgeni kutoka Ungulu, mtu aliyefukuzwa kwao, mwinda nguruwe, aliyefika akawagawia watu nyama na kuwaondolea waharibifu wa mashamba yao hata wakamtaka awatawale. Wasambaa hawakuona haya kusimulia kwamba mfalme wao wa kwanza alitoka nje. Mgeni huyo ndiye fahari ya habari yao. Twajua kwamba kitabu kile chawapendelea Wakilindi, na kwamba Wabondei, walioasi utawala wao katika karne ya 19, wangeyaandika mengine. Laiti wangeyaandika! Tungevisoma vitabu viwili mahali pa kimoja.

Na hapo ndipo tunapofikia uamuzi wetu. Gazeti litazipokea habari za asili za kila upande wa nchi, tena kwa furaha, lakini twataka mwandishi atuambie nani alimsimulia, wa ukoo gani, na katika kijiji gani. Maana habari ya ukoo unaotawala na habari ya ukoo uliotawaliwa ni habari mbili, hata zikiwa za mlima mmoja. Akiandika kwamba watu wake waliikuta nchi tupu, twamwomba aende akawaulize jirani kabla hatujakata stensili. Nchi nyingi zilikuwa tupu katika masimulizi ya waliokuja, na zimejaa watu katika masimulizi ya waliokuwapo. Watu waliotekwa, au waliooa na kukaa, au waliokimbilia kwa njaa, nao waingizwe kwa majina yao ikiwa yanajulikana, wala wasifichwe kwa kuwa wajukuu wao leo ni wenzetu. Na hatutatoa habari yoyote ambayo mwisho wake ni madai ya shamba, au ya kiti cha udiwani, au ya kazi. Kwa madai kuna mahakama, na huko kuna karani mwingine.

Tunajua kwamba masharti hayo yatawachosha baadhi ya waandishi, hasa wale ambao babu yao ameonekana shujaa katika kila ukurasa. Tunasikitika. Walakini tumezisoma karatasi tatu zilizotoka katika wilaya moja, na katika kila moja ni ukoo wa mwandishi uliotangulia kufika. Haiwezekani watatu wote kutangulia. Ila yawezekana kabisa wote watatu kuchapwa pamoja, kimoja baada ya kingine, na msomaji akajionea.

Karatasi zote zilizokwisha kutufikia zinarudishwa kwa wenyewe pamoja na toleo hili, ili waongeze majina ya wasimulizi na maneno ya upande wa pili. Waandike upande mmoja tu wa karatasi, waache nafasi pembeni, na majina ya mito na vijiji wayaandike kwa herufi kubwa, kwa maana mpiga taipu wetu si mwenyeji wa huko. Zitakazorudi kwanza ndizo zitakazotangulia kutolewa, isipokuwa zile tatu tulizozitaja, ambazo zitangojana.